Nani Anaitwa? Hakiki ya Karatasi za Afya

Wahakiki wa mijini wanasoma riwaya na diwani. Huku Namoto riwaya haziji. Zinazokuja ni karatasi: ya chanjo, ya kipindupindu, ya kunyonyesha, ya chandarua. Zinafika na gari kutoka Palma, zinabandikwa ukutani, zinasomwa kwa kipaza sauti, na wiki ya pili zinafungia karanga. Mimi ni mmoja wa wale wanaoombwa kuwasomea majirani, Kireno kwa Kiswahili, na Kiswahili kikikwama tunashuka Kimakwe. Basi hizo karatasi ndizo fasihi yangu, na leo nazihakiki.

Asiseme mtu kwamba ni vitu vidogo. Msumbiji tunajua neno moja linavyoweza kuwasha moto. Kireno cha dawa ya kusafishia maji ni "cloro", na kipindupindu ni "cólera". Masikio yakayaweka maneno hayo jirani, na huku kaskazini wakaonekana watu walioamini kwamba wanaotia dawa kwenye visima wanatia ugonjwa wenyewe. Wahudumu wakapigwa. Mwanasosholojia Carlos Serra alilichunguza jambo hilo katika kitabu chake "Cólera e Catarse" cha mwaka 2003, na alionyesha kwamba chini ya neno kulikuwa na kutoaminiana kwa miaka mingi kati ya wanaotoa amri na wanaopewa. Neno lilikuwa mlango tu. Lakini mlango nao ni kitu.

Neno ninalotaka kulizungumzia leo ni lile linalosema karatasi inamwita nani. Mwanamke? Mama? Mzazi? Mlezi? Mtu?

Huko Ulaya na Marekani ugomvi juu ya jambo hili umekuwa mkali. Upande mmoja unasema: afya ya uzazi ni ya wanawake, iandikwe "wanawake". Upande wa pili unasema: wapo watu wanaobeba mimba au kuhitaji vipimo vya kizazi ambao wao wenyewe hawajitambui kama wanawake, na neno hilo linawafungia nje, kwa hiyo iandikwe "watu". Septemba 2021 jarida la madaktari la The Lancet liliweka kwenye jalada lake maneno yanayowataja wanawake kama miili yenye uke. Wanawake wengi walikasirika, na mhariri mkuu Richard Horton akaomba radhi. Mwaka huohuo hospitali za Brighton, Uingereza, ziliwaelekeza wakunga wao waongeze "watu wanaojifungua" pembeni ya "wanawake". Waliongeza, hawakufuta, ingawa magazeti mengine yalitangaza kwamba neno "mama" limepigwa marufuku. Mwaka 2022 watafiti wa nchi mbalimbali wakiongozwa na Karleen Gribble wa Australia waliandika kwamba kuliondoa neno "wanawake" kwenye maelezo ya mimba, uzazi na kunyonyesha kunapunguza uwazi, na wanaoumia zaidi ni wasiosoma sana au wanaosoma kwa lugha isiyo yao.

Hapo nikasimama. Wasiosoma sana, wanaosoma kwa lugha isiyo yao: si ndio sisi hawa? Karatasi nyingi zinazotufikia zimezaliwa kwa Kiingereza, zikabatizwa Kireno, halafu mtu akiwa na haraka akazitia Kiswahili. Ugomvi wa wenyewe wa kule unafika huku ukiwa umeshakatwa hukumu, nasi hatukuwa barazani.

Tuanze na lugha zenyewe. Kireno hakijui kunyamaza. Ukisema mtu amehama makwao, lazima uchague: "deslocado" au "deslocada". Wakiwa wanawake 100 na mwanamume 1, sarufi inampa ushindi yule mmoja: "deslocados". Ndiyo maana Wareno na ndugu zetu wa Maputo wanalazimika kusema "todos e todas". Kiswahili hakina shida hiyo. "Amekuja" ni yeye yeyote. Mgonjwa, mhudumu, mkimbizi, jirani: hakuna anayejua ni mume au mke mpaka umwambie. Kwa hiyo mfasiri anayehangaika kukifanya Kiswahili kisibague jinsi kwenye vitenzi na viwakilishi anapaka rangi nyumba iliyokwisha pakwa.

Shida yetu iko kwenye majina. Chukua "mzazi". Shuleni mzazi ni baba au mama. Mwalimu akiita kikao cha wazazi, wanakuja wote. Hospitalini, ukivuka kwenda Mtwara, "wodi ya wazazi" ni ya waliojifungua, na baba akiingia humo atatolewa nje. Neno ni lile lile, halina jinsi kwa umbo lake, lakini mahali panaligeuza. Msikilizaji wa Kiswahili anajua kuligeuza, kwa kuwa mahali panamsaidia. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani hakuna mahali pa kumsaidia.

Nilisoma kipeperushi kimoja, shirika silitaji, kilichosema: "Mzazi au mlezi anashauriwa kumnyonyesha mtoto kwa miezi 6 ya mwanzo bila kumpa kitu kingine." Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na mjukuu mapajani akauliza, "Mie ndiye mlezi wa huyu. Sasa nimnyonyeshe nini, mwanangu, ndevu?" Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka.

Lakini swali la yule babu lilikuwa la kweli kuliko kipeperushi. Toka Oktoba 2017 vita ilipoanza Mocímboa da Praia, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, watu walitawanyika usiku. Wengine walikimbilia porini, wengine baharini kwa majahazi, wengine walivuka Ruvuma wakarudishwa kupitia Negomano. Katika kutawanyika huko watoto wengi wameachwa kwa bibi, kwa babu, kwa shangazi, kwa jirani. Hao ndio walezi. Mama aliye na maziwa anahitaji kuambiwa aendelee kunyonyesha, maji na uji vingoje. Babu asiye na maziwa anahitaji kuambiwa jambo jingine kabisa: ampeleke wapi yule mtoto, amuone nani, ampe nini leo jioni, akichemshe vipi. Kipeperushi kimewatia wote wawili kwenye neno moja, kikampa mama maneno yaliyochanganyika, na babu hakikumpa kitu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba neno pana humkaribisha kila mtu. Mtu hukaribishwa kwa kuwekewa sahani. Kama mwandishi alikuwa anamfikiria babu kweli, angemwandikia sentensi yake. Neno "mlezi" limemfanya mwandishi aone kwamba amemtaja kila mmoja, na kazi imekwisha.

Mfano ulio bora kuliko wote tunao hapa mtoni. Upande huu wa Ruvuma, huduma ya kumkinga mtoto asipate virusi vya UKIMWI kwa mama yake inaitwa "prevenção da transmissão vertical", PTV. Vuka mto ufike Kilambo, endelea mpaka Mtwara, huduma ileile inaitwa kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mto mmoja, kazi moja, majina mawili, na kila jina lina siasa yake.

"Vertical" maana yake wima, toka juu kwenda chini. Jina hilo halimtaji mama wala mtoto. Lina adabu: mwanamke anaweza kusema mbele ya mawifi "naenda PTV" na wasioijua wasijue. Lina kasoro pia, kwa sababu yule anayeihitaji naye anaweza asijue. Herufi tatu hazimwambii kwamba virusi vinaweza kupita wakati wa mimba, wakati wa kujifungua na kwa maziwa, wala kwamba kila mojawapo ya njia hizo inazibika.

Jina la Tanzania linasema yote kwa sentensi moja, hata asiyesoma akisikia anaelewa. Lakini sikiliza vizuri: linaanza na mama na linaishia kwa mtoto. Baba yuko wapi? Virusi vimeanzia kwa mama kama maji yanayoanzia kwenye chemchemi. Wanawake wa sehemu nyingi wamelalamikia hilo, kwamba jina linawaweka kizimbani. India waliamua kusema kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ili baba naye aingie kwenye hesabu.

Nia ya India naiheshimu. Ila kwa Kiswahili chetu nisingeifuata. Baba hampi mtoto virusi kwa njia hizo tatu; mwili unaohusika ni wa mama, na dawa inayomkinga mtoto hupitia kwenye mwili huo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba bila tiba yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Tiba ikifuatwa, wanashuka chini ya 5. Penye tofauti kubwa namna hiyo sitaki mwanamke hata mmoja asikie "mzazi" akadhani anaitwa mumewe. Mama abaki kwenye jina. Kisha baba apewe sentensi yake, tena kali: baba, pima na wewe, kwa sababu mke anayeambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha anakuwa na virusi vingi sana mwilini kipindi hicho hicho, na hatari kwa mtoto inapanda. Hiyo ndiyo haki. Kumficha mama ndani ya "mzazi" hakumwajibishi baba yeyote.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana nisije nikaonekana nasema kila penye mwili pawekwe kipaza sauti. Kiswahili kilikuwa na lugha yake isiyotaja jinsi wala kiungo kabla ya Brighton. Chanzo chake ni haya. "Sehemu za siri." "Siku zake." "Mambo ya uzazi." Mafunzo ya mwili kwa watu wa pwani hii na bara yake yaliandaliwa mbali mbali: unyago kwa wasichana, jando kwa wavulana. Kungwi aliyataja mambo kwa majina yake, tena kwa ngoma na kwa mafumbo yanayofumbuliwa palepale, ila aliyataja ndani ya uzio, kwa jinsi moja. Kwa hiyo watu hawakukosa maneno. Walikuwa na mahali pa kuyasemea. Mhudumu anayesimama penye foleni ya maji, wanaume huku wanawake kule, mkwe na mkwewe wanasikilizana, akalitaja kila kiungo kwa kipaza sauti, anaweza kuwa na maneno sahihi na akakosa wasikilizaji. Wataondoka mmoja mmoja, wakitazama chini.

Lakini haya nayo ina bei yake. Mashirika hugawa furushi la vitu vya wanawake: pedi, sabuni, chupi, kanga, pengine tochi. Kwa Kiingereza na Kireno limepewa jina la heshima ya utu, na huku likaja kama "kifurushi cha utu". Jina zuri, wallahi. Halikosei mtu. Ila utu tunao wote, na mwanamume akisikia kuna kifurushi cha utu, kwa nini asijipange? Na msichana wa miaka 13 aliyekaa ndani siku nne kwa kukosa pedi, atajuaje kwamba kifurushi hicho ni chake? Kiswahili kina neno la kistaarabu kabisa linalosomeka hata dukani: taulo za kike. Limetaja jinsi, halijamvua mtu nguo. Seme hivyo: kuna furushi la wanawake na wasichana, lina taulo za kike na sabuni. Haya imelindwa na aliyeitwa amejijua.

Yako maneno mengine ambayo kiungo chenyewe ndicho kinachopoteza watu. "Shingo ya kizazi." Mwenye kuzoea kliniki anaelewa. Kijana anaelewa shingo, na kizazi anakijua kwenye "kizazi kipya". Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi Msumbiji na Tanzania. Chanjo ya kuikinga ilianza Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Msumbiji mwishoni mwa 2021 kwa wasichana wa miaka 9. Ukiandika "watu wenye shingo ya kizazi wafike kupimwa", kama Kiingereza cha siku hizi kinavyopenda, unamtaka mama ajue kwanza jina la kiungo asichokiona ndipo ajue kwamba anaitwa. Andika "wanawake". Kisha eleza kiungo: mlango wa tumbo la uzazi, pale mtoto anapotokea.

Je, kutaja wanawake tu hakuleti hofu? Kunaleta, na mfano upo Kenya. Mwaka 2014 kulikuwa na kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakauliza mbona wanaume hawachanjwi, mbona ni umri huo, na wakadai chanjo imetiwa kitu cha kuzuia uzazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisimama kusema chanjo ni salama. Jibu la "mbona wanawake" lilikuwepo na ni rahisi: pepopunda huua watoto wachanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu, na mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga akiwa bado tumboni. Jibu hilo ndilo lilipaswa kutembea pamoja na tangazo, mguu kwa mguu. Ukiita jinsi moja, sema sababu hapohapo. Ukiiacha, mwingine ataijaza, na nimekwisha eleza ya "cloro" na "cólera".

Na "mama" je? Mnaona nimelitetea. Lakini nalo linafukuza watu. Bango lisemalo "Mama, njoo kliniki" linamwita nani? Mwenye mume, mwenye watoto, anayeheshimika mtaani. Binti wa miaka 16 aliyebeba mimba njiani, pengine kwa nguvu, haitwi mama na mtu yeyote. Akiitwa, ni kwa kejeli. Mwanamke aliyekaa na mume miaka 20 bila mtoto, naye anahitaji kupimwa saratani ile ile, na kila "mama" kwenye bango linamchoma. Kwa hao neno "mwanamke", na "mwenye mimba" bila "mama" mbele yake, ni mlango mpana zaidi. Mnaona basi kwamba neno la jinsi na neno la cheo ni vitu viwili. Kiswahili cha Tanzania kimeanza kutenganisha "jinsi", mwili uliozaliwa nao, na "jinsia", nafasi ambayo jamii inakupa. "Mwanamke" hapo ni jinsi. "Mama" ni jinsia na nusu.

Wapo pia wasioingia kwenye chumba chochote kati ya viwili. Lugha yetu inawajua siku nyingi: huntha, neno tulilolipata kwa Kiarabu, na wanazuoni wa fiqhi wamejadili mirathi yao na safu yao msikitini kwa karne nyingi. Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019, watu 1,524. Mtu wa namna hiyo, au anayeishi tofauti na mwili aliozaliwa nao, akifika kituoni anastahili kuitwa anavyotaka, kutibiwa kwa staha, na mlango kufungwa. Hilo ni la mhudumu na mgonjwa wake, uso kwa uso. Penye karatasi ya wote, Brighton wana somo jema: ongeza mstari. "Na yeyote mwingine mwenye mimba, karibu, hutaulizwa." Mstari mmoja hauli karatasi.

Basi nyie mnaotuandikia, na najua mnalisoma jarida letu hili mkiwa mnasubiri gari, naomba matatu. Kabla ya kuchapa, msomeeni karatasi mtu mmoja kwa sauti, kisha muulizeni: hapa nani anaitwa? Akijibu vibaya, karatasi ndiyo iliyofeli, si yeye. La pili, neno moja likibeba watu wawili wenye mahitaji mawili, andikeni sentensi mbili. La tatu, yale ya uzioni yapelekeni uzioni: wanawake wazungumze na wanawake, wanaume na wanaume, na huko yatajwe kwa majina yake yote.

Nasi wenzangu tunaosomewa, tusione aibu kuuliza kama yule babu. Swali lake lilichekesha, lakini jirani yangu wa pili, ambaye naye analea wajukuu wa marehemu, alinifuata jioni akauliza lile lile kwa sauti ya chini.